Mwaka Waliofuta Ukuta Wetu

Tulimzika Mwalimu Rispa huko Subukia, kwenye shamba la dada yake, na kuna neno lililosemwa siku hiyo ambalo bado limenikwama kooni. Mgeni rasmi, mwanamume wa mambo ya elimu aliyefika amechelewa na bado akapewa kiti cha mbele, alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mama mcheshi "aliyependa kuchorachora na watoto." Kuchorachora. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya hema, mguu wangu wa kushoto nimeunyoosha kwenye nyasi kwa sababu haukunjiki vizuri, na nikahisi damu inanipanda kichwani. Mwanamke aliyesomea sanaa, akaifundisha hadi siku ilipoondolewa kwenye mtihani, akalazimishwa kufundisha masomo asiyoyapenda, kisha akaendelea kuifundisha kwa siri chini ya miti ya shule, leo anaagwa kama mtu aliyekuwa akipitisha wakati. Kijana aliyesimamia ratiba alikuwa ameniahidi nafasi ya kuongea. Mgeni rasmi alipomaliza, alinijia akainama sikioni mwangu: "Madam, wakati umetuishia. Utatusamehe." Sijasamehe. Nilirudi Nakuru maneno yangu yote yakiwa bado mdomoni, na nimeona afadhali niyaandike kabla hayajageuka sumu.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Watu wakinialika kuzungumza kuhusu kazi yangu na watoto hospitalini, hupenda kunitambulisha kuwa "mama aliyeponywa na sanaa." Wanalisema kwa sauti laini, kama wanaosimulia muujiza. Si kweli. Kilichoniponya ni dawa ya kudungwa, kisu cha daktari, na mamangu aliyekataa kunirudisha nyumbani. Penseli haiui vijidudu vya mfupa. Sanaa ilinifanyia jambo jingine, na hilo jingine ndilo linalowaudhi watu, kwa hiyo hawataki kulisikia.

Nilikuwa darasa la saba Elburgon, miaka kumi na mitatu, nilipoanguka kutoka juu ya rundo la mbao nje ya kiwanda cha kupasua miti. Sote tulichezea hapo. Sikuvunjika kitu. Mguu ulivimba kidogo chini ya goti, ukapoa, kisha baada ya muda ukaanza kuuma kwa ndani, maumivu yenye joto, kama mtu ameacha kaa la moto ndani ya mfupa. Asubuhi za Elburgon ni za ukungu na baridi, na kila asubuhi shule nzima ilikimbia kuzunguka uwanja kabla ya gwaride. Mimi nikaanza kuchechemea nyuma. Mwalimu mkuu aliniita mbele ya wote. "Chebet, wewe ni mzee?" akauliza. Watoto wakacheka. Nikamwambia mguu unauma. Akasema uvivu nao huuma, kisha akanichapa fimbo kwenye mashavu ya miguu, yote miwili, hata ule ulionivimba. Nasimulia hili kwa sababu baadaye, wakati daktari alipomwuliza mama kwa ukali mbona alichelewa kunileta, mama alinyamaza, akaubeba yeye mzigo wa lawama. Hakusema kwamba mtu mwenye cheo alikuwa amemhakikishia mtoto wake ni mvivu tu. Siku hizo neno la mwalimu mkuu halikupingwa, na mama alikuwa mpole.

Hospitali waliyonipeleka Nakuru sitaitaja. Watoto walikuwa wamejaa hadi kulala wawili wawili, kwa hiyo nililazwa mwisho wa wodi ya wanawake, karibu na mlango unaotokea kwa watoto. Nakumbuka chumba hicho kuliko ninavyokumbuka nyumba nyingi nilizoishi baadaye: kuta za rangi ya maziwa yaliyochacha, madirisha marefu yasiyofunga vizuri, vumbi jeupe lililoingia kila upepo ulipotoka upande wa ziwa, na mlima wa Menengai ukionekana kwa mbali kama mgongo wa mnyama aliyelala. Mchana kulikuwa na ugali na kabichi iliyochemshwa mpaka ikasahau ni kabichi. Siku za kuona wagonjwa mama alifika na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha yenye majivu ya mti, na askari wa langoni akamzuia nacho, akasema ni uchafu. Mama akajifunza kukiweka chini kabisa ya kikapu, chini ya nguo zangu safi. Niliyanywa nikiwa nimejifunika shuka kichwani, nikilia kwa sababu yalikuwa na ladha ya jikoni kwetu.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Mwalimu Rispa. Alikuwa amevunjika nyonga katika ajali ya barabarani, na mguu wake ulining'inizwa kwa kamba na vyuma vizito, asiweze hata kugeuka upande. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kujaza darasa, na dada yake alimletea dagaa wa omena na mboga ya mrenda katika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Siku za kwanza sikumpenda. Aliongea sana. Aliwauliza masista majina yao, aliwauliza wafagiaji wanatoka wapi, na alimwuliza kila daktari kitu alichoandika kwenye kadi yake. "Hiyo nyonga ni yangu," alikuwa akisema. "Kama mnaiongelea, niongeleshwe pia."

Mimi hakuna aliyeniongelesha. Madaktari walikuja asubuhi kundi zima, daktari mkubwa mbele na wanafunzi wake nyuma, wakafunua shuka, wakautazama mguu, wakaongea Kiingereza cha haraka, wakaenda. Asubuhi moja mmoja wao alitaja neno nisilolijua, na nikaona sista mmoja anatazama chini. Walipoondoka nikamgeukia Mwalimu Rispa.

"Mwalimu, ni nini hiyo neno amesema?"

Alinitazama usoni. Ningeona kama angetafuta uongo. "Ni kukata," akasema. "Wanafikiria kukata mguu."

"Mama anajua?"

"Sidhani wamemwambia."

Sikulia. Nilipata hasira ambayo mwili wangu mdogo haukujua pa kuiweka. Sista alipokuja kubadilisha bandeji, nikafunga macho na kuuma shuka kama kila siku, kwa sababu bandeji ilikuwa imegandamana na kidonda kilichokuwa kimetoboka chini ya goti. Hapo ndipo Mwalimu Rispa aliposema, kwa sauti ya darasani, "Fungua macho, Chebet. Ni mguu wako, si wao. Wao wanauangalia kila siku, wewe hujawahi."

Sista akaondoka. Mwalimu akanirushia kipande cha katoni ya dawa na penseli fupi. "Chora huo mguu."

"Sijui kuchora."

"Sijakuuliza kama unajua."

Nikachora. Nikamwonyesha. Akacheka, lakini si kwa kunidharau. "Huu ni mguu wa kitabu cha sayansi. Mzuri, laini, hauna shida. Ni wa nani? Wako uko hapo. Angalia penye ngozi inang'aa. Angalia ile shimo iko na rangi gani. Usiniambie nyekundu. Nyekundu ni jina tu." Nikatazama. Kwa mara ya kwanza nilitazama kweli. Kulikuwa na zambarau, na manjano ya nta, na kijivu kama cha majivu baridi, na pembeni ngozi mpya ya waridi iliyokuwa ikijaribu kuota. Kilikuwa kitu cha kutisha na kilikuwa changu. Niliendelea kukichora siku hadi siku, nyuma ya katoni za dawa, na nilipokichora niligundua kwamba woga unapungua, ila hasira haipungui. Inapata umbo.

Mchoro uliobadili mambo niliufanya bila mwalimu kuniagiza. Nilichora kitanda changu asubuhi ya kupita madaktari. Niliwachora wote, koti kwa koti, shingo zimeinama, midomo wazi. Katikati nikauchora mguu, mkubwa kama gogo. Halafu nikajichora mimi, mikono juu ya shuka, na shingo, na juu ya shingo sikuweka kitu. Hakuna kichwa. Nikauegemeza kwenye glasi ya maji na nikangoja. Walipofika, mwanafunzi mmoja wa udaktari aliuona, akamgusa mwenzake, wakacheka. Daktari mkubwa akauliza wanacheka nini. Akauchukua. Alikuwa na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akaivaa, akautazama mchoro kwa muda mrefu hadi kicheko kikakauka.

"Nani amechora hii?"

"Ni mimi."

"Kichwa kiko wapi?"

"Hamjawahi kukiangalia."

Nilidhani nitafukuzwa hospitalini. Mwalimu Rispa alikuwa akitazama dari na sijui kama alikuwa anapumua. Kisha yule mzee akavuta kiti. Katika muda wote niliokuwa hapo sikuwa nimeona daktari akiketi. Akaketi, akaniuliza jina langu na nyumbani ni wapi, akanieleza kwa Kiswahili, polepole, kwamba ndani ya mfupa kuna kipande kilichokufa, na kipande hicho ndicho kinacholeta usaha. Nikamwuliza kama kinaweza kutolewa hicho peke yake. Akasema inaweza kujaribiwa, lakini ni kazi ndefu, itauma, na huenda isifaulu. "Jaribu," nikamwambia. Akamwita mama, akamweleza naye. Mama alikubali huku ameshika kikapu chake kwa mikono yote miwili. Walinipasua zaidi ya mara moja mwaka huo. Mguu ukabaki, mfupi kuliko mwenzake, mgumu gotini, lakini wangu. Ndiyo sababu nasema sanaa haikuniponya. Ilimfanya mtu mmoja mwenye kisu aketi chini aniulize jina. Sielewi kwa nini mtoto alihitaji kuwa na kipaji ili aulizwe jina, na kila ninapowaza hivyo naghadhibika upya.

Nilipoweza kutembea na magongo, na Mwalimu Rispa naye akashushwa kamba zake, tulikuwa kama tumehamia kule kwa watoto. Walikuwa wengi na hawakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kungoja sindano. Sista Mercy, aliyekuwa kijana na hakuwa bado amechoka na kazi, alituruhusu kutumia ukuta. "Chini ya dirisha, basi. Na isipande," akasema. Ikapanda. Hatukuwa na rangi. Tulikuwa na makaa kutoka jikoni, bluu ya kufulia nguo, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, rangi ya viatu ya mzazi mmoja, na maji ya bitruti. Mwalimu hakuwaambia watoto wachore maua. Alimwuliza kila mmoja, "Wewe umeona nini?" na walichokiona wakakiweka ukutani: sindano ndefu kuliko mtu, baba aliyeondoka bila kugeuka, sahani ya maharagwe yenye mdudu.

Wairimu alikuwa wa Mai Mahiu. Alikuwa bado hajaanza shule, ana ugonjwa wa moyo, midomo yake ya samawati, akipumua kama aliyetoka mbioni hata akiwa amelala. Mamake aliuza chai na chapati kwa madereva wa malori chini ya mteremko, na alifika tu siku ambayo dereva mmoja alimpa lifti. Wairimu alichora kitanda chake kikiwa na magurudumu makubwa ya lori, taa mbele, moshi nyuma, na yeye mwenyewe ameshika usukani. Kitanda kilikuwa kinatoka langoni. Askari amepeperushwa kando. Tulicheka hadi Sista Mercy akaja kuona. Mamake alipoletwa na lori wiki ile, Wairimu alimvuta mkono hadi ukutani. "Ona, mami. Mimi ndio ninaendesha. Nakuja nyumbani." Mama yule alichuchumaa mbele ya mchoro, akaushika kwa kidole, akasema, "Na umeweka mpaka saidimira." Alikuwa anayajua malori vizuri, hata vioo vyake vya pembeni.

Wairimu alikufa alasiri moja, ghafla, wakati wengine wanakunywa uji. Habari zikatumwa Mai Mahiu. Kesho yake, kabla mamake hajafika, mafundi wakaingia na ndoo za rangi nyeupe. Kulikuwa na wageni wakubwa waliotarajiwa kutembelea hospitali. Metroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke mrefu ambaye viatu vyake vilitangulia kusikika, alisimama mlangoni na kuelekeza brashi ianzie wapi. Watoto walikaa vitandani wakitazama. Hakuna aliyelia, na hilo ndilo liliniogopesha. Walitazama kama watu waliozoea kuchukuliwa vitu. Mwalimu Rispa alikuja kwa magongo yake, anatokwa jasho.

"Metroni, mngoje kidogo. Kuna mzazi anakuja kumchukua mtoto. Hapo kuna kazi ya huyo mtoto."

"Mwalimu, hii ni hospitali. Si ukuta wa choo cha stendi."

"Nusu siku tu. Aione, halafu mpake."

"Wageni wataona nini? Makaa?" Akamgeukia fundi. "Endelea."

Mama Wairimu alifika rangi ikiwa bado mbichi. Alikuwa amevaa aproni yake ya kazi, nadhani hakukumbuka kuivua. Hakuuliza kuhusu dawa wala kuhusu nani alikuwa kwenye zamu. Alisema, "Nataka kuona ile gari yake." Sista Mercy akatoka nje. Mimi ndiye niliyemwonyesha mahali. Ulikuwa ukuta mweupe tu. Akauwekelea kiganja, akakisukuma pole pole kama anayepapasa kifua cha mtoto, na alipokitoa kilikuwa cheupe chote. Akateremka na mkono huo hivyo hivyo hadi chumba cha maiti. Wageni walikuja mchana, wakapiga picha, wakasifu usafi. Sisi wawili tulikatazwa kuingia wodi ya watoto tena.

Wakati huo nilidhani Metroni alikuwa mtu mbaya. Sasa nimekutana na wengi kama yeye hata siwezi kuwaita wabaya. Wanaamini kweli kwamba kitu alichofanya mtoto ni uchafu mpaka mtu mzima akipe ruhusa. Mwalimu mkuu wa Elburgon alikuwa hivyo. Niliporudi shuleni mwisho wa mwaka, mguu umenyooka kama fimbo, nilimwomba darasa moja tupu mchana tuwe tukichora. "Uchoraji utakupeleka wapi, na mguu huo?" akaniuliza. Nilimjibu kwamba ulikuwa umenipeleka mbali kuliko fimbo yake. Aliniadhibu kwa jibu hilo, na sijawahi kulijutia. Mwalimu Rispa, aliyekuwa amerudi Subukia, alianza kunitumia karatasi kupitia makondakta. Ndiye aliyenisukuma hadi chuo cha ualimu, na ndiye aliyenirudisha wodini miaka mingi baadaye, akiwa tayari mzee, akaniambia, "Nenda kabla hawajafuta ukuta mwingine."

Kwa hiyo Jumamosi huwa niko hospitalini, siku nyingine madarasani, na mengi ninayoyaona yananikera. Siku hizi shule zinasema kila mtoto ana ubunifu. Vizuri. Lakini nimeona watoto wakiagizwa kuleta kazi ya mikono, na wazazi wakienda sokoni kununua kikapu kilichokwisha kusukwa na fundi, mtoto anakipeleka, mwalimu anakipiga picha, anaandika "bora sana." Mtoto hajashika hata jani moja la mkonge. Nimewauliza walimu wenzangu, wakanijibu, "Madam, karatasi hatuna, na picha zinatakiwa." Nimewakatalia wageni wanaotaka watoto wagonjwa washikilie michoro yao na kutabasamu. Mmoja aliniambia nina uchungu mwingi kwa mtu anayefanya kazi nzuri hivi. Nikamwambia bila uchungu huo nisingeamka kuja.

Jumamosi iliyofuata mazishi nilikwenda wodini nikiwa sijatulia. Kulikuwa na msichana mgeni, wa kule kwetu Elburgon, amechomwa na maji ya moto mkono na shingo. Alikuwa amewapa wote mgongo. Nikamwekea karatasi na kalamu ya nta kitandani, nikaketi.

"Sitaki," akasema.

"Sawa."

"Na usiniambie nichore maua."

"Siwezi kukuambia hivyo. Umekasirika?"

Akageuka nusu, aone kama ninamcheka. "Sana," akasema.

"Na nani?"

"Na kila mtu."

"Basi anza na mmoja."

Akashika kalamu kwa mkono mzima, kama anayeshika kisu. Alibonyeza kwa nguvu, akazungusha, akabonyeza tena, meno ameyauma, hadi karatasi ikachanika katikati na kalamu ikachora shuka. Akakoma ghafla, akanitazama, akingoja nimgombeze.

Nikampa karatasi nyingine.